Star Trek inajipinga yenyewe: kiraka kipi ni sayansi, na kipi ni ujanja tu?

Kama umewahi kukaa kwenye kibanda umiza, lazima umemsikia yule jamaa wa benchi la nyuma anayepaza sauti: "Aaah! Si kidonda kilikuwa mkono wa kulia huyu?" Na kweli, ukiangalia vizuri, steringi alichanwa mkono wa kulia, tumerudi kwake baada ya adui kuongea dakika mbili, kidonda kimehamia kushoto. Watu wanacheka, muvi inaendelea.

Hilo ndilo kosa la mwendelezo: kazi moja inasema mambo mawili ambayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Leo tunalichukua kosa hilo kama somo la sayansi, maana yule jamaa wa benchi la nyuma anafanya kitu ambacho kila mtafiti anatakiwa kufanya. Analinganisha alichoambiwa sasa na alichoambiwa mwanzo.

Mfano wetu ni Star Trek, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na kituo cha NBC tarehe 8 Septemba 1966. Kwa nini hiyo? Kwanza, ni ndefu. Tamthilia ya mwanzo ina episodi 79, halafu zikafuata filamu na tamthilia nyingine kibao, na mpaka leo bado zinatengenezwa. Kadiri hadithi inavyorefuka, ndivyo inavyopata nafasi ya kujikwaa. Pili, ndani yake kuna mtu wetu: Luteni Uhura, afisa mawasiliano wa chombo cha anga cha Enterprise, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetoka kwenye neno letu uhuru, likageuzwa kidogo mwishoni. Kwenye hadithi lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Miaka michache tu baada ya Tanganyika na Kenya kupata uhuru, Kiswahili kilikuwa tayari kimepanda kwenye chombo cha anga.

Sasa, dunia ya hadithi ni kama chungu: inahitaji mafiga matatu. Na kwa kuwa tunaandika kutoka Mafiga, Morogoro, huu mfano ni halali yetu. Figa la kwanza ni picha, la pili ni kisa, la tatu ni hesabu. Tulitikise moja moja.

Figa la kwanza: picha

Kwenye episodi iliyorushwa tarehe 8 Septemba 1966, Uhura amevaa sare nyekundu. Tarehe 13 Oktoba anatokea na sare ya rangi ya dhahabu. Tarehe 10 Novemba, dhahabu tena. Baadaye ni nyekundu moja kwa moja. Je, alihamishwa idara akarudishwa? Hapana. Maelezo ni mepesi mno: episodi hazikurushwa kwa mpangilio uliotumika kuzipiga picha. Zile mbili za sare ya dhahabu zilipigwa mwanzo kabisa, kabla uamuzi wa rangi haujatulia, ila zikachelewa kwenda hewani.

Swali la kisayansi ni hili: kwa nini watazamaji wengi hawakushtuka? Wanasaikolojia wawili, Daniel Levin na Daniel Simons, walilijaribu jambo hilo kwa makusudi. Walitengeneza filamu fupi ya wanawake wawili wakiongea mezani, wakapachika makosa tisa. Skafu ipo, mara haipo. Sahani zinabadilika rangi. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 1997. Kati ya watazamaji 10 ambao hawakuambiwa chochote, ni mmoja tu aliyesema ameona kitu kimebadilika. Walipoonyeshwa tena, safari hii wakiwa wameambiwa kabisa watafute mabadiliko, kwa wastani waliona mawili tu kati ya tisa.

Utasema, hiyo ni filamu, kwenye maisha halisi nisingekosa. Haya. Mwaka 1998 Simons na Levin walichapisha jaribio jingine. Mtu anamsimamisha mpita njia amwelekeze mahali. Wakiwa wanaongea, watu wawili wanapita katikati yao wamebeba mlango. Nyuma ya mlango, aliyeuliza njia anabadilishwa na mtu mwingine kabisa. Wapita njia walikuwa 15. Waliogundua kwamba wanaongea na mtu mwingine walikuwa 7 tu!

Sababu yake ni kwamba jicho linaona kwa ukali sehemu ndogo sana ya katikati. Kwingine ni ukungu. Ubongo hauhifadhi picha nzima kama simu inavyofanya. Unahifadhi maana: "huyu ni mtu anayeuliza njia", "hawa ni wanawake wanakula". Halafu unajiwekea dhana kwamba dunia haibadiliki bila sababu. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi na inaokoa nguvu nyingi. Ila bei yake ndiyo hiyo: vitu vinabadilika mbele ya macho yako na wewe upo.

Kwa hiyo usimcheke mhariri wa filamu. Ndiyo maana watengenezaji filamu wanamwajiri mtu kabisa wa kukaa na daftari, kuandika glasi ilikuwa imejaa kiasi gani na kitufe kipi kilikuwa kimefungwa. Wanajua kichwa cha mtu hakitoshi.

Figa la pili: kisa

Hapa makosa ni ya habari. Kwenye episodi ya tatu kwenda hewani, Kapteni Kirk anaandikiwa jiwe la kaburi na rafiki yake wa zamani. Limeandikwa James R. Kirk. Kwenye episodi zote zinazofuata jina lake ni James T. Kirk. Rafiki gani huyo asiyejua jina la rafiki yake?

Nyingine ni maarufu zaidi. Februari 1967 ilirushwa episodi ambayo Kirk anapambana na adui anayeitwa Khan. Afisa kijana anayeitwa Chekov alianza kuonekana kwenye tamthilia Septemba 1967, msimu wa pili. Sasa kwenye filamu ya mwaka 1982 Khan anarudi, anamwangalia Chekov usoni, na anamtambua. Wameonana wapi? Mashabiki wanasema: Chekov alikuwemo chomboni tangu mwanzo, ila kamera haikupita sehemu aliyokuwa anafanyia kazi. Kiraka hicho kikumbuke, tutakirudia.

Halafu kuna Uhura mwenyewe. Tarehe 29 Septemba 1967, mtambo fulani wa angani unafuta kumbukumbu zake zote. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na anapokwama anaropoka Kiswahili. Daktari anasema atarudi kazini ndani ya wiki moja. Na kweli, wiki moja baadaye, tarehe 6 Oktoba, yuko kwenye kikosi cha hatari kabisa pamoja na Kirk. Lakini je, nyimbo zake? Wazazi wake? Utoto wake? Hakuna anayeuliza tena. Tena angalia utata uliomo ndani ya episodi yenyewe: kama kila kitu kimefutwa, Kiswahili kimetoka wapi?

Cha ajabu, hapo sayansi halisi inaweza kumtetea mwandishi kidogo. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa. Akaamka akiwa hawezi tena kutunza kumbukumbu mpya: unaongea naye, unatoka, ukirudi hakujui. Lakini lugha yake ilibaki, na aliweza kujifunza kazi mpya ya mikono, kama kuchora kwa kufuata kioo, huku hakumbuki kwamba amewahi kujifunza. Kupitia kwake tulijifunza kwamba kumbukumbu si ghala moja. Hivyo lugha kubaki wakati vingine vimepotea si jambo la ajabu sana. Lisiloingia akilini ni kurudishia maisha ya mtu mzima ndani ya wiki moja.

Na kuna la lugha. Kwenye filamu ya mwaka 1991 Uhura, afisa mawasiliano mwenye uzoefu wa miaka mingi, anahangaika kupekua vitabu vya karatasi ili aongee Kiklingoni, lugha ya maadui wakuu wa hadithi nzima. Kwenye filamu ya 2009, ambapo ndipo jina lake la kwanza, Nyota, linasikika kwenye skrini, yeye ni bingwa wa lugha. Filamu ya 2013 anaongea Kiklingoni bila kitabu. Na kwenye tamthilia ya Strange New Worlds, iliyoanza 2022, ni kijana kutoka Kenya anayejua lugha 37.

Mashabiki watakwambia filamu za 2009 na 2013 ziko kwenye mkondo mwingine wa wakati. Sawa, lakini Strange New Worlds iko kwenye mkondo ule ule wa zamani, miaka mingi kabla ya matukio ya filamu ya 1991. Kijana anajua lugha 37, mzee anapekua kamusi. Labda Kiklingoni hakikuwa kati ya hizo 37? Umeona unavyoanza kushona kiraka na wewe!

Figa la tatu: hesabu

Hapa huhitaji hata kuipenda tamthilia. Unahitaji kikokotoo cha simu tu.

Tamthilia ya Voyager ilianza mwaka 1995. Chombo kinatupwa umbali wa miaka ya mwanga 70,000 kutoka nyumbani, na tunaambiwa safari ya kurudi itachukua miaka 75. Mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo gawanya: 70,000 kwa 75 unapata takriban 933. Chombo hicho kinakwenda mara 933 ya kasi ya mwanga. Kwa fizikia tunayoijua hilo haliwezekani, lakini tumekubali, ni hadithi.

Sasa chukua filamu ya mwaka 1989. Enterprise, chombo cha zamani zaidi kwenye hadithi, kinakwenda mpaka katikati ya galaksi yetu. Kutoka hapa tulipo mpaka katikati ni takriban miaka ya mwanga 26,000. Gawanya kwa 933: karibu miaka 28. Kwenye filamu wanafika bila mtu yeyote kuota mvi njiani. Au chombo cha zamani kilikuwa na kasi mara elfu kadhaa kuliko kipya, au Voyager wangefika nyumbani mapema sana na tamthilia ikaisha msimu wa kwanza.

Voyager hiyo hiyo inatuambia mwanzoni kwamba ina makombora 38 na haina namna ya kupata mengine. Mashabiki wakahesabu moja moja, msimu hadi msimu. Yaliyorushwa yakazidi 38 kwa mbali. Mhasibu yeyote wa kikoba angelikamata hilo mapema: akiba haiwezi kutoka nyingi kuliko iliyoingia.

Basi kuna nini kwenye kiraka?

Mpaka hapa ni burudani. Kitu muhimu ni hiki: ukikuta mambo mawili yanapingana, siku zote unaweza kutunga la tatu la kuyapatanisha. Siku zote. Chekov alikuwa nyuma ya kamera. Wale Waklingoni wa miaka ya 1960 walikuwa na vipaji vya nyuso laini kama sisi, kwenye filamu ya 1979 wakatokea na matuta usoni, na mwaka 2005 tamthilia ya Enterprise ikatupa maelezo: kulikuwa na virusi vilivyobadilisha sura zao. Maelezo ya kweli ni kwamba bajeti ya vipodozi iliongezeka.

Na sisi wanasayansi tunatia viraka pia. Tofauti iko wapi? Hadithi nzuri kuliko zote ya kulieleza hilo, kwa bahati, inahusu sayari inayoitwa Vulcan, jina lile lile la sayari anayotoka Bwana Spock.

Mwanzoni mwa miaka ya 1800 sayari ya Uranusi ilikuwa haipiti pale hesabu za Newton zinaposema ipite. Ni kosa la mwendelezo angani. Mfaransa Urbain Le Verrier akatia kiraka: kuna sayari nyingine hatuioni, inaivuta Uranusi. Ila hakuishia hapo. Alikokotoa sayari hiyo lazima iwe wapi, akaandikia kituo cha kutazamia nyota cha Berlin. Tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle akaelekeza darubini, na usiku huo huo Neptuni ikaonekana, chini ya digrii moja kutoka pale alipoelekezwa. Kiraka kimekubali!

Kisha Zebaki nayo ikaleta shida. Mzunguko wake unageuka zaidi kidogo ya hesabu zinavyoruhusu. Kidogo kiasi gani? Chukua digrii moja, igawe vipande 3,600. Ziada ni takriban vipande 43 kwa miaka 100. Ni kama unywele. Mwaka 1859 Le Verrier akajaribu dawa ile ile: kuna sayari nyingine karibu na Jua. Ikapewa jina la Vulcan. Watu wakaitafuta kwa miongo kadhaa. Wapo waliodai wameiona, lakini ukirudi kuitazama pale walipoelekeza, haipo.

Novemba 1915 Albert Einstein akaonyesha kwamba hakuna sayari iliyojificha; nadharia ya uvutano yenyewe ndiyo ilihitaji kubadilishwa. Hesabu yake mpya ilitoa vile vipande 43 bila kuongeza sayari yoyote. Zaidi ya hapo ikasema jambo jipya: mwanga wa nyota utapinda ukipita karibu na Jua, kwa kiasi fulani maalumu. Wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919, timu za Waingereza zilikwenda kupima, moja ikiwa kisiwa cha Principe, magharibi mwa Afrika. Mwanga ulikuwa umepinda.

Angalia sasa. Neptuni na Vulcan ni kiraka cha aina moja, kimetoka kwa mtu mmoja, mwenye akili ile ile. Kimoja kilikuwa kweli, kingine si kweli. Kilichovifanya vyote viwili viwe sayansi ni kwamba vilisema: nendeni mkatazame pale, kama hamkuti kitu nimekosea. Kiraka cha Chekov hakisemi hivyo. Hakuna sehemu unayoweza kwenda kutazama ikakuumbua. Kiraka kisichoweza kukosea ni ujanja tu, hata kiwe kitamu namna gani.

Turudi chini ya Uluguru

Utasema mambo ya Einstein ni mbali. Hebu tuje hapa nyumbani. Milima ya Uluguru ndiyo inayotulisha maji. Mto Ruvu unaanzia huko na unakwenda kunywesha Dar es Salaam. Anayepanga matumizi ya maji, anayemshauri mkulima apande lini, wote wanategemea rekodi za mvua za miaka mingi. Na rekodi ya miaka mingi ni kama tamthilia ndefu: waandishi wanabadilika, vifaa vinabadilika, na hakuna aliyeshuhudia yote.

Tuseme umepewa data za mvua za kituo kimoja, miaka 40. Unachora grafu. Mpaka mwaka fulani mvua iko juu, halafu ghafla inashuka na kubaki chini. Kiraka cha kwanza kinachokujia kichwani ni kipi? Mabadiliko ya tabianchi, au msitu umekatwa. Kinapendeza na kinaingia vizuri kwenye tasnifu. Lakini yapo mengine. Kipimamvua kilihamishwa? Uluguru upande wa mashariki, unaotazama bahari, unapata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, kwa hiyo kukivusha kipimo ng'ambo ya mlima kunatosha kutengeneza "ukame" kwenye karatasi. Mwembe umekua pembeni yake ukakikinga? Msomaji wa zamani alistaafu, na mpya haandiki siku za Jumapili?

Kila kimoja kati ya viraka hivi kina mahali pa kwenda kukitazama. Kama ni tabianchi, vituo vya jirani navyo vitashuka. Kama ni kuhamishwa, vya jirani vitaendelea kama kawaida na chako peke yake ndicho kitaruka. Kama ni Jumapili, chora kwa siku za wiki, shimo litaonekana lenyewe. Wataalamu wa hali ya hewa wanafanya hivyo hivyo, wanalinganisha kituo na majirani zake kabla ya kuamini mruko wowote. Usipofanya hivyo, mtu anaweza kujengewa tanki kubwa au dogo kwa sababu ya mwembe.

Kwa hiyo ukikaa na data zako, zipitishe kwenye mafiga yetu matatu:

1. Picha. Usiamini jicho lako kwamba lingeona kitu kikibadilika. Piga picha kipimo na mazingira yake kila unapokwenda, andika tarehe. Hilo ndilo daftari la yule mtu wa filamu.

2. Kisa. Muulize aliyekuwepo kabla yako: nani alisoma, kwa kifaa gani, kilikaa wapi? Majibu yaandike kando ya data, si kichwani. Watu wanahama, wanastaafu, wanasahau.

3. Hesabu. Jumlisha, toa, gawanya. Je, kilichotoka kinazidi kilichoingia? Asilimia zinafika 100? Sampuli ulizopima ni nyingi kuliko ulizokusanya? Hayo ndiyo makombora 38.

Na ukishapata mpingano, usikimbilie kuuziba, na wala usiufute kimyakimya ili grafu ikae vizuri. Andika viraka vyote unavyoweza kuvifikiria, kisha mbele ya kila kimoja andika sentensi moja: "Kama hiki ni kweli, nikienda kutazama ___ nitakuta ___." Kiraka kinachoshindwa kujaza nafasi hizo mbili kiachie waandishi wa Star Trek. Wao wana ruhusa.

Na jioni ukiwa kibandani, yule jamaa wa benchi la nyuma akipiga kelele kuhusu kidonda kilichohama, usimwambie anyamaze. Muulize: una uhakika? Tuirudishe nyuma tuone.